Kifuta jasho kilipwe mapema

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu ujangili wa tembo imewasahau wanavijiji. Pori la Akiba la Selous, Tanzania, lilikuwa na tembo karibu 39,000 mwaka 2009. Sensa ya 2013 ikakuta karibu 13,000 tu. Tembo waliotoweka hawakuliwa na wenye njaa. Waliuawa kwa ajili ya pembe, na fedha nono zikaenda kwa vigogo wa mbali. Yang Fenglan, mfanyabiashara Mchina aliyeitwa Malkia wa Pembe za Ndovu, alihukumiwa miaka 15 jela mwaka 2019 kwa ulanguzi wa pembe. Lakini mkulima anayekesha shambani akifukuza tembo kwa madebe na moshi wa pilipili ndiye wa kwanza kumwona mgeni mwenye bunduki. Atoe taarifa kwa moyo gani, mahindi yake yameliwa na tembo, nacho kifuta jasho cha hasara hiyo hakijafika? Wizara ya Maliasili na Utalii, tafadhali, walipeni watu hawa kwa wakati.