Gari Linapochemka, Uliza Kwanza: Lini?



Wasomaji wetu watukufu, mama zetu na dada zetu, huenda mkastaajabu kuona ukurasa huu, uliozoea kuzungumzia malezi na matumizi ya nyumba, leo unafungua boneti ya gari. Msistaajabu. Katika nyumba nyingi za Pwani yetu, pikapu ndiyo ibebayo nazi na maembe kwenda Kongowea, ndiyo ipelekayo samaki sokoni, na ndiyo ilipayo karo. Inapolala gereji, jiko nalo hupoa. Na katika maradhi yake, ni machache yanayofilisi kimyakimya kama injini kupata moto kila mara: leo imepona, kesho imechemka tena, na kila fundi ana spea yake mpya ya kupendekeza.

Mas'ala haya tumeletewa na mama mmoja wa upande wa Matuga, mjane mwenye watoto wanne. Marehemu mumewe aliacha pikapu ya dizeli, na ami ya watoto ndiye anayeisimamia kwa niaba ya warithi. Ugonjwa ulianzia katika foleni ya feri ya Likoni: gari limesimama, injini inanguruma, sindano ya joto inapanda. Fundi wa kwanza akaing'oa themostati na kuitupa, akisema huku kwetu hakuna baridi. Wa pili akabadilisha rejeta. Wa tatu akaweka pampu mpya ya maji. Kila mara gari lilitulia siku mbili tatu, kisha likarudia, na mwishowe likawa linachemka hata katika mpando wa kuelekea mjini Kwale. Fundi wa nne akakata shauri: injini imekwisha, inunuliwe nyingine. Ami akapendekeza kiuzwe kipande cha shamba la minazi. Mama akaja kutuuliza iwapo yafaa.

Swali lilikuwa la mirathi, lakini jibu lake limo chini ya boneti. Msimamizi wa mali ya mayatima hauzi shamba lao kwa kukisia. Sharti haja ithibiti kwanza. Na haja ya injini mpya haiwezi kuthibiti maadamu hakuna aliyepima kitu. Wale mafundi walikuwa na bidii, hatuwakoseshi heshima. Ila walianza na dawa kabla ya kumsikiliza mgonjwa.

Tufahamu kwanza jinsi injini inavyopoa. Takriban thuluthi ya joto litokanalo na mafuta huchukuliwa na maji yanayozunguka ndani ya vyuma. Pampu huyasukuma maji hayo hadi kwenye rejeta, upepo hupita baina ya mapezi yake na kuyapoza, kisha yakarudi. Themostati ni mlango: hufunga injini ikiwa baridi, na hufunguka joto lifikapo kiasi kilichoandikwa juu yake, aghalabu nyuzi 82 au 88. Kifuniko cha rejeta nacho hufanya kazi ya kile cha sufuria ya presha. Maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 100, lakini yakibanwa na kifuniko kizima cha kipimo cha 0.9 hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Kifuniko kilicholegea mpira, chenye bei ndogo kuliko spea zote, chaweza peke yake kulichemsha gari lisilo na ugonjwa mwingine.

Kwa hivyo, swali la kwanza si "kibadilishwe nini?" bali ni "linachemka lini?" Likichemka limesimama au katika foleni, na likapoa likishika mwendo, basi linakosa upepo: tazama feni, klachi yake, mkanda na kava ya plastiki inayoizunguka. Likitulia katika foleni lakini likachemka katika mwendo wa kasi, basi maji hayapiti ipasavyo: tazama rejeta iliyoziba ndani, themostati iliyokwama, pampu iliyoliwa na kutu, au mpira wa chini unaonyonywa ukajikunja injini ikienda mbio. Likichemka dakika chache baada ya kuwashwa, tazama themostati iliyofunga au maji yaliyopungua. Na mpando wenye mzigo hudhihirisha kila udhaifu, uwe wa upepo au wa maji.

Swali la pili: je, maji yanapungua? Gari lisilopunguza maji na gari linaloyanywa kila siku ni wagonjwa wawili mbalimbali. Yakipungua, huwa yametoka nje au yameingia ndani. Ya nje huacha alama: kutu au ukungu wa rangi ya kulanti penye viungo vya mipira, au matone chini ya pampu. Ya ndani hujulikana kwa oili iliyogeuka kama chai ya maziwa, moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata joto, au mapovu yanayopanda mfululizo katika rejeta. Hapo ndipo gasketi ya hedi hutuhumiwa. Na hata hapo haihukumiwi bila ya ushahidi: iko dawa ya buluu inayowekwa mdomoni mwa rejeta, nayo hugeuka rangi ikikutana na moshi wa silinda. Gereji nzuri huwa nayo, na kipimo hicho huchukua dakika chache.

Tulimshauri mama yule asinunue chochote kwa muda wa juma moja, bali aandike. Binti yake wa sekondari, aliyekuwa likizoni, alipanda na dereva siku tano na daftari mkononi: saa ngapi, wapi, mzigo kiasi gani, sindano iko wapi, maji yameongezwa kiasi gani. Dereva aliamriwa asimame na kuzima kila sindano ilipokaribia alama nyekundu. Daftari likasema waziwazi. Baina ya Kombani na Likoni, kwa mwendo wa wastani, sindano ilitulia katikati. Katika foleni ya feri ilipanda baada ya dakika chache. Katika mpando wa Kwale, na nazi zimejaa, ilipanda pia. Na maji yaliyoongezwa siku zote tano hayakuzidi kikombe kimoja.

Daftari hilo likapelekwa kwa fundi mwingine, mzee mtulivu, naye alilisoma kabla ya kugusa spana. Maji hayapungui, oili ni safi, dawa ya buluu imebaki buluu: hedi iachwe. Gari linapoa likipata upepo wa njiani: basi tutazame feni. Akazima injini ikiwa moto, akatoa ufunguo, akaisukuma feni kwa kidole. Ikazunguka mara kadhaa kama pia ya mtoto. Klachi nzima hupinga mkono, kwa kuwa ndani yake mna mafuta mazito; hii ilikwisha kuyavuja. Huo ndio ugonjwa wa asili, na hakuna aliyeugusa.

Kisha yakadhihirika mawili yaliyozaliwa na matibabu. Rejeta mpya ilipofungwa, kava ya feni haikukaa sawasawa, ikaachwa pembeni mwa gereji. Wengi huiona kava hiyo kuwa pambo, ilhali kazi yake ni kuhakikisha feni inavuta upepo kupitia rejeta nzima. Ikikosekana, feni huzungusha hewa ile ile ya moto iliyo ndani ya boneti. Na themostati iliyotupwa haikuwa mlango wa rejeta tu. Katika injini nyingi, ikiwemo hiyo, inapofunguka huziba papo hapo njia ya mkato ambayo maji hupita bila ya kufika kwenye rejeta. Ukiing'oa, sehemu ya maji ya moto huendelea kurudi injinini bila ya kupozwa. Ndiyo maana gari lililokuwa likichemka katika foleni tu likaanza kuchemka na mlimani.

Zikawekwa klachi ya feni, kava yenye kukaa vyema na themostati ya kipimo chake. Juma la pili binti alipanda tena na daftari lake. Sindano ilikaa katikati, forodhani na mlimani. Gharama yote haikukaribia bei ya injini, na minazi ikabaki kuwa ya watoto.

Kina mama wengi hutuambia mambo ya gari ni ya wanaume. Lakini pesa zinazotoka ni za nyumba nzima, na mengi ya haya hayahitaji spana. Themostati hupimwa jikoni: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa moto, utazame inafunguka kwa nyuzi ngapi. Fundi akisema kitu kibadilishwe, muulize kwa adabu: umekijuaje kuwa kibovu? Kisha mwombe akupe kile cha zamani ukione.

Maji nayo yataka uangalifu. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa, mengine na chumvi. Chokaa ile inayoganda ndani ya birika la chai ndiyo inayoganda ndani ya rejeta, na chumvi hula vyuma. Tumieni kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa ya dukani, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ikikosekana kwa dharura, maji safi ya mvua ni bora kuliko ya kisima.

La mwisho ni la usalama. Sindano ikipanda, zimeni kiyoyozi, simameni mahali salama, zimeni injini na mngoje. Msifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto, wala msiwaruhusu watoto kusogea: maji yaliyobanwa huruka ghafla na kuunguza uso na kifua. Ngojeni mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono bila ya kuunguza. Wala msimwagie maji baridi injini iliyochemka, kwani chuma hupasuka, na hapo ile injini mpya itahitajika kwa kweli.

Kwa ami na wasimamizi wote wa mali za mayatima, neno letu ni moja: kabla ya kuuza cha mtoto, takeni ushahidi. Daftari la shilingi chache limelinda shamba zima.

Wabillahi tawfiq.