Mtakatifu wa Mabaharia na Miezi ya Bahari Kufungwa



Mwezi wa Disemba umetufikia tena hapa Uingereza. Taa zimekwisha tundikwa madukani, na watoto wetu hurejea kutoka shule na swali lile lile la kila mwaka: huyu mzee mwenye ndevu nyeupe na kanzu nyekundu ni nani, na asili yake ni wapi? Tumeazimia kulijibu mwezi huu, kwa kuwa jibu lake lina faida kwa Mkristo na Mwislamu pia. Asili ya mzee huyo haimo katika theluji, bali katika bahari.

Nikolao alikuwa askofu wa Mira katika karne ya 4, katika pwani ya kusini ya nchi ambayo leo ni Uturuki. Wakristo walisimulia kwamba aliwahi kusafiri kwa jahazi, tufani ikawakumba, akaomba na bahari ikatulia. Kwa kisa hicho mabaharia walimfanya mwombezi wao. Mwaka 1087 mabaharia wa mji wa Bari, Italia, waliichukua mifupa yake kutoka Mira wakaipeleka kwao, na jina lake likazidi kuenea kila bandari. Hata Liverpool, kanisa lililo karibu na gati, ambalo watu huliita kanisa la mabaharia, lina jina lake.

Waholanzi humwita Sinterklaas, na watoto wao hupewa zawadi usiku wa kuamkia sikukuu yake ya tarehe 6 Disemba. Katika kitabu cha watoto kilichotungwa na mwalimu Jan Schenkman wa Amsterdam mwaka 1850, mtakatifu huyo anawasili kwa meli ya moshi kutoka Uhispania. Mpaka leo Waholanzi humpokea bandarini kila mwezi wa Novemba. Jina hilo la Kiholanzi ndilo lililogeuka likawa Santa Claus huko Marekani. Watungaji wa huko katika karne ya 19 ndio waliomshusha chomboni wakampandisha katika gari la kuteleza juu ya theluji.

Sasa tuitazame tarehe yenyewe. Vegetius, mwandishi wa Kirumi, aliandika kwamba bahari hufungwa tangu tarehe 11 Novemba hadi tarehe 10 Machi, kwa sababu ya mawingu, tufani na ufupi wa mchana. Wanaosoma Matendo ya Mitume, sura ya 27, watakumbuka kwamba Mtume Paulo alibadilisha chombo katika bandari hiyo hiyo ya Mira. Aliwaonya wenzake wasiendelee na safari kwa kuwa majira yalikuwa yamepita. Hawakumsikiliza, na chombo kikavunjika Malta, wakakaa huko miezi mitatu. Basi sikukuu ya Nikolao, na Krismasi ambayo Warumi walikuwa wakiiadhimisha tarehe 25 Disemba ifikapo mwaka 336, zote mbili huangukia katika miezi ambayo baharia wa zamani hizo alikuwa nyumbani na watu wake, chombo chake kikiwa kimefungwa bandarini.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu wa pwani nao, kusi ilipokaza mwezi wa Juni na Julai, walipandisha vyombo vyao pwani, wakavitia kalafati na kungoja. Mwezi huo wa Julai ndipo watu wa Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, na manahodha walihesabu siku za safari tangu Nairuzi, siku ya mwaka. Kwao sikukuu na usalama wa chombo vilikuwa katika hesabu moja.

Siku hizi mashine na taa zimeifungua bahari mwaka mzima. Tumesikia kwamba baadhi ya familia zetu zinakusudia kukodi mashua za mifereji wakati wa likizo, na vijana wetu wanakwenda kuvua kwa vihori. Hatuwakatazi. Twawakumbusha tu kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Aliyejifunza kuogelea Lamu, Tanga au Unguja alijifunza katika maji ambayo joto lake halishuki sana chini ya nyuzi 25. Bahari ya hapa, ifikapo Februari, mara nyingi huwa chini ya nyuzi 10. Maji yaliyo chini ya nyuzi 15 humshtua aliyeanguka ghafla: hutweta bila kujizuia, na akivuta pumzi uso ukiwa majini, huvuta maji. Wengi hufa katika dakika za mwanzo, kabla baridi haijafika ndani ya mwili, na miongoni mwao wamo waogeleaji hodari.

Kwa hiyo tunanasihi mambo haya:

Kwanza, kila mtu avae jaketi la kuokolea maisha kabla ya kutia mguu chomboni, na mkanda upitishwe baina ya mapaja lisije likampanda kichwani. Likiwa ni la kujaa upepo lenyewe, hakikisheni mtungi wake wa gesi umekazwa.

Pili, ukianguka, usikimbilie kuogelea. Lala chali, kichwa nyuma, masikio majini, ukichezesha mikono na miguu polepole mpaka pumzi itulie. Ndipo uite msaada au ushike chombo.

Tatu, mwachie mtu wa nchi kavu habari za njia yenu na saa ya kurudi. Katikati ya Disemba jua la London huzama kabla ya saa kumi alasiri.

Nne, msiingize jiko la mkaa ndani ya mashua kwa ajili ya kuota moto, hata likiwa limekwisha zimika. Hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini. Ulizeni kama kengele ya kugundua hewa hiyo imo na inafanya kazi.

Tano, katika mifereji ulizeni mapema ni malango gani ya maji yamefungwa, maana matengenezo mengi hufanywa majira ya baridi.

Sita, mkipatwa na shida pigeni 999. Mkiwa baharini au ufukweni ombeni "Coastguard", yaani walinzi wa pwani. Mkiwa mtoni au mferejini ombeni zimamoto. Mwenye redio ya chombo atumie mkondo wa 16, aseme "Mayday" mara tatu, kisha jina la chombo na mahali kilipo.

Na upepo ukikaza asubuhi ya safari, kaeni nyumbani mnywe chai. Fedha ya kukodi mashua hupatikana tena. Manahodha waliotulea hawakuona aibu kungoja, na kwa kungoja huko walirudi kwa watoto wao.

Wakristo wenzetu tunawatakia Krismasi njema, na wasomaji wetu wote mwaka mpya wa salama na afya. Mungu akipenda, tutaonana mwezi ujao.