Kabla ya Kulipia Kupungua



Mwezi uliopita kamati ya msikiti wetu ilipokea barua ya mawakala wa programu ya kupunguza uzito. Waliomba ukumbi wa madrasa kila Jumamosi baada ya swala ya Alasiri ili wazungumze na kina mama, na wakaahidi kuuachia mfuko wa msikiti sehemu ya mauzo. Paa letu linavuja, na baadhi ya wajumbe waliona kuwa riziki imetujia mlangoni. Sisi tuliopewa kazi ya kujibu tuliomba muda, kwa kuwa tulikuwa bado tunamkumbuka mama mmoja wa darasa la wanawake.

Mama huyo, ambaye hatutamtaja, alipopata zamu yake ya upatu alilipa shilingi 350,000 kwa kifurushi cha siku 30 kilichouzwa na watu wengine: unga wa kukoroga asubuhi na jioni, chai ya majani usiku, na mlo mdogo mmoja mchana. Siku ya tisa alianza kutetemeka na kutokwa jasho katikati ya darasa, ulimi ukawa mzito. Alikuwa na kisukari, na alikuwa akimeza glibenklamidi kwa kipimo kilekile alichopewa alipokuwa akila kama kawaida. Dawa hiyo huichochea kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala, na hivyo sukari ya damu ikashuka. Mwenzake alimnywesha chai yenye sukari nyingi, kisha akapelekwa zahanati. Alhamdulillahi, alipona. Tulipomwuliza iwapo muuzaji alitaka kujua dawa anazotumia, alijibu kuwa aliulizwa jambo moja tu: atalipa kwa simu au taslimu.

Hatusemi kuwa kila programu ya kulipia ni ulaghai. Weight Watchers, iliyosajiliwa Marekani mwaka 1963, ilitokana na mikutano ya Jean Nidetch, mama wa nyumbani wa New York, aliyewakusanya sebuleni kwake marafiki waliotaka kupungua. Mpangilio wa chakula alikuwa ameupata katika kliniki ya idara ya afya ya jiji. Alichokosa kule kliniki, akakiunda mwenyewe, ni watu wa kukutana nao kila wiki na kuambiana ukweli. Anayefikiria kujiunga na programu yoyote ajiulize kama anachokinunua ni maarifa, au chakula cha pakiti, au wenza. Wenza wengi wetu tunao tayari.

Lakini kwanza tujue kama kupungua kunahitajika. Hesabu yake ni nyepesi: uzito kwa kilo ugawanywe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mzima wa mita 1.60 huhesabiwa kuwa amezidi uzito afikapo kilo 64, na kuwa na unene wa kupindukia afikapo kilo 77 hivi. Binti wa kilo 56 mwenye urefu huo, anayetaka kujikondesha kwa ajili ya harusi, hana ugonjwa wa kutibiwa. Mjamzito na anayenyonyesha wasijiwekee mlo wa namna hii bila ushauri wa mhudumu wa afya. (Na mume amwambiaye mkewe kuwa amenenepa, naye apande mizani.)

Kwa aliyezidi kweli, faida huja mapema kuliko matangazo yanavyodai. Mtu wa kilo 90 akipunguza kilo 4 au 5 tu, kwa kawaida shinikizo la damu na sukari huanza kutengemaa. Mwendo unaoshauriwa kwa wengi ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Anayeahidi kilo 5 katika wiki ya kwanza huenda asiwe mwongo, ila sehemu kubwa ya anachokupunguzia ni maji: akiba ya wanga mwilini hukaa na maji takriban mara tatu ya uzito wake, na mtu akipunguza chakula ghafla vyote huondoka. Akirudia wali wake, hurudi. Chai nyingi za kupunguza tumbo nazo zina sena, ambayo huharisha. Mafuta ya mwili hayatoki kwa njia hiyo.

Neno “asili” juu ya pakiti lisitutulize. Dawa iitwayo sibutramini iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na tangu hapo wakaguzi wameikuta imefichwa ndani ya bidhaa za kukondesha zilizouzwa kama mitishamba.

Kisha kuna sinia. Mama akinywa unga wake peke yake jikoni huku watoto wakila pamoja, ataweza kwa mwezi. Je, mwezi wa kumi na tatu? Kwa bei ya kifurushi kile, mwaka mzima ni shilingi 4,200,000, na siku anayoacha kulipa hajajifunza kupakua wali kidogo na mchicha mwingi kutoka chungu kilekile cha nyumbani.

Kwa hiyo tuliwajibu mawakala kwa maswali: nani huwauliza wateja maradhi na dawa zao kabla ya kupokea fedha, gharama yote ni kiasi gani, kilichomo ni nini na kimesajiliwa wapi, mshauri analipwa kwa mauzo au kwa mshahara, na wateja wana hali gani baada ya mwaka. Majibu yalikuja baada ya siku tatu. Bei walituandikia vizuri, pamoja na punguzo. Swali la maradhi na swali la mwaka walisema watatufafanulia ukumbini, siku ya uzinduzi.

Ukumbi hatujawapa. Jumamosi hii, insha Allah, muuguzi wa zahanati atakuwepo baada ya Alasiri na mizani na kipimo cha shinikizo la damu, bila malipo. Wanaotumia dawa waje nazo, na waliokwisha kununua vifurushi waje na pakiti zake.