Mgonjwa Aulizwe Dawa Anazotumia

Mwaka 1937 watafiti wa Entebbe, ng'ambo ya ziwa hili hili linalopiga miamba ya Igogo, walikuta katika damu ya mwanamke mmoja wa wilaya ya West Nile, Uganda, kirusi ambacho dunia haikuwa ikikijua. Hukaa katika ndege, nao mbu wa mitaro michafu hukileta kwa watu. Wengi wakipatao hawaugui. Humshika ubongo kama mtu mmoja tu katika 150.

Lakini hesabu hiyo si sawa kwa wote. Wapo ndugu zetu ambao kinga ya miili yao imewageukia wenyewe: wenye lupasi, wenye baridi yabisi. Dawa zinazowapa nafuu, prednisoloni, methotreksati na nyinginezo, huipunguza nguvu kinga hiyo. Askari aliyewapiga wenye nyumba akinyang'anywa rungu, mwizi naye hufurahi. Mwaka 2005 huko Marekani dawa mpya, natalizumabu, ilisimamishwa kwa muda baada ya kirusi cha JC, ambacho watu wazima wengi hukaa nacho bila kudhurika, kuamka na kuharibu ubongo wa baadhi ya walioitumia.

Mambo haya ni nadra, wala hatutaki kumtia mtu hofu. Tunalolidai ni dogo. Mchuuzi wa samaki wa Igogo mwenye lupasi akifika zahanati ana homa, kichwa chamuuma na maneno yampotea, na apimwe malaria, maana malaria ipo. Aulizwe pia anatumia dawa gani, wala asirudishwe nyumbani na vidonge. Jamaa nao wasipoteze siku tatu wakitafuta aliyemroga. Apelekwe Bugando upesi. Kirusi cha malengelenge ya mdomoni kikiingia ubongoni bila tiba huua wagonjwa kama 7 katika 10, ilhali sindano za asaiklovia zikianza mapema huokoa wengi. Tena daktari asiyeambiwa habari za dawa aweza kupotoshwa na kipimo chenyewe: hutafuta kingamwili, na mwili uliodhoofishwa kinga huenda usizitoe.

Mgonjwa naye twamwomba atembee na kadi ya dawa zake. Asiache prednisoloni ghafla kwa kuogopa haya tuliyoyaandika. Aliyeitumia kwa miezi akiikata siku moja aweza kuanguka kabla ya kufika kwa daktari.