KANUNI ZA SUMUKUVU: NA SISI TUULIZWE



Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kati yao 20 walikufa. Kenya, mwaka 2004, waliugua 317, wakafa 125. Sumu hii hutoka kwenye ukungu. Haionekani kwa macho, na kupika ugali hakuiondoi.

Wataalamu walijuaje chanzo? Hawakukaa maabara tu. Walikwenda majumbani wakauliza: mahindi mliyaanika wapi? Mliyaweka wapi? Kule Kenya ikaonekana walioweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba ndio walioumia zaidi. Basi jawabu lilitoka kwa wenye nyumba.

Sasa nauliza: kama kutafuta sumu tunaulizwa, mbona kutunga kanuni hatuulizwi? Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Kabla kiwango hakijapita, TBS hutoa rasimu ili wananchi watoe maoni. Jambo zuri hilo. Lakini rasimu nyingi ni za Kiingereza, na hapa kwetu sijaona hata moja ikisomwa mkutanoni. Mimi wa kisomo cha watu wazima nitaisomaje?

Kiwango chasema kilo moja ya mahindi isizidi mikrogramu 10 za sumukuvu. Sawa, ni kwa uhai wetu. Lakini huku Kibaha na Kisarawe mahindi ya vuli hayajakauka sawasawa, masika hiyo imefika. Anayejua ni mama anayekimbia na mkeka wingu likitanda. Ukimwambia aanike kwenye turubai bila kumuuliza turubai atalipata wapi, kanuni itabaki karatasi.

Na sisi tuna kosa. Tukiitwa mkutanoni tunakwenda wachache, ati mambo ya wasomi. Halafu punje zilizooza tunazisaga, twala, watoto wala.

Napendekeza:

1. Tumwombe Afisa Ugani alete rasimu atusomee kwa Kiswahili.

2. Kina mama waseme kwanza, maana ndio waanikaji.

3. Maoni yaandikwe, yapelekwe TBS, nakala ibandikwe hapa ubaoni, na majibu tuyafuatilie.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi ndio tunaokilalia, tuseme.

Katibu wa Tawi