KIMENUKA! Picha za harusi ya staa zafa na laptopu, lakini msala si wa laptopu

Mjini gumzo ni moja tu wiki hii. Mwigizaji mmoja wa kike, jina kapuni, alifunga ndoa Dar miezi miwili iliyopita, sherehe ikatikisa kuanzia nguo mpaka MC. Mashabiki wamesubiri picha mpaka wamechoka. Juzi akaulizwa ziko wapi, akajibu kwa emoji ya kulia. Mpiga picha wake, jamaa mwenye jina kubwa kwenye harusi za watu wenye hela, kakiri kwamba laptopu imekufa na picha za siku ya ndoa zimeondoka nayo.

Basi watu wamegawanyika. Timu bibi harusi wanataka pesa irudi na jamaa asipewe kazi tena. Timu mpiga picha wanasema kifaa ni kifaa, mbona hata gari huzima njiani? Ukweli ni kwamba timu zote mbili zinagombana pembeni ya ishu yenyewe.

Laptopu kufa si kashfa. Hadidiski ya kawaida ndani yake ina visahani vinavyozunguka, kwenye laptopu nyingi ni mara 5,400 kwa dakika, na kisomeo kinapita juu yake bila kugusa. Kitu cha hivyo kitachoka tu, iwe mwaka huu au kesho kutwa. Hizi mpya za SSD hazina kinachozunguka, ziko fasta na hata zikianguka hazisumbuki sana, ila nazo hufa, na nyingine huondoka ghafla bila kuaga.

Kashfa iko kwenye kadi za kamera. Watu wa karibu na jamaa wanasema Jumapili, kesho yake baada ya ndoa, alihamishia picha zote kwenye laptopu, kisha akazifuta kadi ili Jumamosi inayofuata apige harusi nyingine. Hapo ndo mambo yaliharibika. Kuanzia dakika ile siku nzima ya watu ilikuwa na nakala moja tu duniani, tena ndani ya mashine inayozunguka mjini kwenye begi juu ya bodaboda.

Na mashine ilionya bwana! Inasemekana folda moja ilikuwa inachukua dakika nzima kufunguka, kioo kinaganda, halafu unasikia tik, tik, tik. Jamaa akasema ni virusi, akaendelea kuediti. Ilipogoma akaizima na kuiwasha weee, akaendesha programu ya kurekebisha diski, mwisho akampelekea fundi, fundi akapiga Windows mpya.

Kwa diski inayokufa, yote hayo ni kuipigilia misumari. Diski ikianza kusumbua, kwanza unatoa vile ambavyo huwezi kuvipata tena, unavihamishia diski nyingine, matengenezo baadaye. Ikianza kugonga, unaizima na kuitafutia mtu anayeokoa data, maana kila ukiiwasha inaweza kujiumiza zaidi. Na kupiga Windows juu ya diski yenye picha ni sawa na kuandika daftari upya juu ya kurasa zilizokwisha kuandikwa.

Sasa hapa ndo panapouma. Jamaa alikuwa na eksteno ya bakapu, hakudanganya. Ila mara ya mwisho kuichomeka ilikuwa wiki ya sendofu. Walipoichomeka kwenye laptopu nyingine, sendofu yote ikarudi, picha safi kabisa, mashangazi wanacheza, keki, zawadi. Siku ya ndoa hamna hata moja.

Baba wa bibi harusi hakuwepo kwenye sendofu, alikuwa amelazwa. Siku ya ndoa aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akamshika binti yake mkono mpaka mbele. Wiki tatu baadaye akazikwa. Kilichobaki cha ile siku ni picha moja ya simu ya binamu, imepita makundi ya WhatsApp mpaka imefifia, uso wa mzee nusu umezibwa na bega la mtu.

Timu kurudisha pesa, haya, pesa irudi, ni haki yake. Lakini hakuna hela itakayomrudisha mzee kwenye kile kiti apigwe upya.

Wanaosema haya ni mambo ya uswahilini wakumbuke Pixar, Marekani. Mwaka 1998 walikuwa wanatengeneza Toy Story 2, mtu akaendesha amri ya kufuta, filamu ikaanza kupotea kwenye mashine zao. Wakakimbilia bakapu, bakapu ikawa mbovu na hakuna aliyejua. Kilichowaokoa ni mama mmoja wa timu, Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua na anafanyia kazi nyumbani. Kompyuta ya kwake ilikuwa na nakala. Wakaifunika mablanketi ndani ya gari kama mtoto, wakairudisha ofisini. Filamu ikatoka 1999.

Kampuni nzima ile iliokolewa na nakala iliyokaa nyumba nyingine. Wajuzi wanaiita 3-2-1: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, 1 ikae mbali. Na bakapu ambayo haijawahi kufunguliwa ukaona picha kwa macho, usiihesabu. Kwa mpiga picha hii maana yake ni nyepesi: kadi haifutwi mpaka nakala mbili nyingine zipo na zimefunguka. Kadi za ziada hazifiki hata bei ya ile keki.

Maharusi nao wasijitoe. Mnabishania droni, mnabishania moshi wa kuingilia ukumbini, mnakata bei ya picha mpaka jamaa anarudia kadi zilezile kila wiki. Swali la bure kabisa hamulizi: picha zetu zitakaa sehemu ngapi, na lini tutapata za kwetu? Nenda na eksteno yako wiki ileile, chukua picha hata kabla hazijaeditiwa. Na wageni waliopiga kwa simu waambie watume kama dokumenti, maana WhatsApp ikituma kama picha ya kawaida inaipunguza ubora.

Kwa dada yetu staa, bado kuna wageni waliokuwepo pale ukumbini. Kama ulikuwa mmoja wao, fungua simu yako leo, tafuta mzee kwenye kiti cha magurudumu, umtumie binti yake.

Wewe uko timu gani, pesa irudi au kifaa ni kifaa? Na picha za simu yako ziko sehemu ngapi? Dondosha maoni hapo chini, matusi hapana.