Sheria Iko, Lakini Haki Je?

Wahenga walinena kuwa mnyonge hana haki. Nilipokuwa hapa shuleni niliitumia methali hii katika insha mara nyingi, na mwalimu akanipa alama. Sasa niko chuo kikuu, nasomea sheria, na leo nataka kuipinga.

Nianze na mjomba wangu. Ijumaa moja jioni alikamatwa akipita na punda wake katika shamba la mkonge karibu na kwetu hapa Rongai. Njia hiyo watu wameipita tangu nikiwa mtoto. Alilala seli hadi Jumatatu. Kortini alisomewa shtaka la kuingia shamba la mtu bila ruhusa, akaulizwa, "Ni ukweli ama si ukweli?" Mjomba ni mtu wa ukweli, na kupita alipita. Akajibu, "Ni ukweli." Kumbe neno hilo ndilo kukiri kosa! Hakujua angeweza kukana shtaka kisha aeleze habari ya njia. Akatozwa faini, na mama akauza kondoo wawili ili atoke.

Nilirudi chuoni na hasira. Nikafungua Katiba ya 2010 nitafute mahali walipokosea. Kifungu cha 49 chasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kwisha, na zikiishia siku ambayo korti haikai, basi siku ya korti inayofuata. Ijumaa jioni mpaka Jumatatu: sawa. Shtaka kwa lugha aijuayo: sawa. Yaani kwa hayo sheria ilifuatwa, lakini haki sikuiona.

Wenzangu, sheria na haki si mapacha. Sisi wa Nakuru twapaswa kulijua hilo. Mnamo Novemba 1993 Koigi wa Wamwere, aliyekuwa mbunge wa zamani wa Nakuru Kaskazini, alikamatwa, kisha yeye na wenzake wakashtakiwa ati walivamia kituo cha polisi cha Bahati. Wizi wa mabavu adhabu yake ilikuwa kifo. Kesi ikasikizwa mjini Nakuru hadi Oktoba 2, 1995, Koigi na wenzake wawili walipohukumiwa kifungo cha miaka 4 na viboko 6 kila mmoja. Amnesty International ilimhesabu kuwa mfungwa wa dhamiri, yaani mtu aliyefungwa kwa ajili ya maoni yake. Korti ilikuwepo, mashahidi walikuwepo, na vitabu vya sheria vilikuwepo.

Hata hivyo sheria huandikwa na watu, na watu huweza kuibadilisha. Adhabu ya viboko mahakamani iliondolewa mwaka wa 2003. Mwaka wa 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kuwa kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba. Haya hayakunyesha kama mvua. Mwaka wa 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, mamake Koigi akiwemo, waligoma kula pale Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai. Polisi waliwapiga, na bado hawakukata tamaa.

Najua kuna atakayeniuliza: kila mtu akijua kukana mashtaka, wezi si watatoroka? Hapana. Mwizi hufungwa kwa ushahidi. Anayeumia kwa kutojua ni mtu kama mjomba.

Hapa ndipo Chama cha Kiswahili kinaingia. Kifungu cha 7 chasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na mahakama za mahakimu zinaweza kusikiza kesi kwa Kiswahili. Lakini vitabu tunavyosomea sheria ni vya Kiingereza. Ombi langu: chukueni kifungu cha 49 na cha 50, viandikeni kwa Kiswahili chepesi, kisha mvitungie mchezo wa kuigiza siku ya wazazi. Mzazi mmoja akijifunza kusema, "Si ukweli, naomba kueleza," mtakuwa mmefanya kazi.

Mjomba siku hizi huzunguka na punda wake kwa barabara ya lami, mwendo mrefu, akiogopa. Huo si uhuru. Mnyonge ana haki, ila hajaambiwa. Mwambieni.